Kamba wa Sampuli

Katika kiwanda kizima kile, kuanzia lango la mlinzi mpaka chumba cha baridi, kulikuwa na mtu mmoja tu asiyeweza kula kamba, na ndiye aliyepewa kazi ya kuwabeba. Si utani. Siku yake ya kwanza kazini alimenya kamba wachache kwa mikono mitupu, akajikuna pua, na kabla ya chai ya asubuhi mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba mpaka akashindwa kukishika kikombe. Wanawake wa meza ya kumenya walicheka kwa sauti hadi msimamizi akaja mbio kuuliza nani amekufa. Tangu hapo akawa havui glovu za mpira, kazini na njiani, na jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika. Akaitwa Glovu.

Aliyeona faida ya mdomo ule alikuwa Meneja, mwanamume mfupi mwenye tai ndefu. Kampuni ilikuwa na meli yake ya kuvua kamba, na mnunuzi wa ng'ambo alikuwa hataki kununua mpaka maabara ithibitishe kamba wenyewe wana mafuta ya namna gani. Kwa hiyo kila meli ikirudi, mfuko mmoja ulichukuliwa kutoka kwenye shehena, ukagandishwa, ukapelekwa maabara. Tatizo ni kwamba mfuko ulikuwa ukifika umenyauka.

"Dereva anaonja," Meneja alimwambia Glovu. "Karani anaonja. Mlinzi naye, sijui anapitia wapi, anaonja. Lakini wewe ukionja tu, sote tutakuona."

"Ndiyo, bosi."

"Kazi hii ni ya uaminifu. Na wewe Mungu amekufunga kufuli mdomoni. Ifanye vizuri, mwezi ujao tuzungumze habari ya mkataba wa kudumu."

Mkataba wa kudumu! Glovu alikuwa kibarua kwa miaka, wa kuambiwa kila Jumamosi "Jumatatu uje" kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Akiumwa siku moja, siku hiyo haikulipwa. Mwenye nyumba alikuwa akimsalimia kwa kumtazama miguu. Usiku ule alimweleza mkewe habari ya mkataba, na mkewe, ambaye aliuza juisi na barafu barazani kwa msaada wa friza moja kuukuu, aliweka chini mwiko akacheka kwa furaha.

"Lakini hebu niambie," akasema. "Kamba ana mafuta? Yule mdudu mwenyewe mbona mkavu hivyo?"

"Anayo kidogo. Wanaita asidi za mafuta. Yako mazuri na yako ya hovyo. Hayo mazuri ndiyo yanayotafutwa."

"Haya. Wenye pesa zao watafute tu," mkewe akasema.

Ijumaa moja meli iliingia na shehena nzuri kuliko zote za mwaka. Nahodha, mtu wa sauti kubwa aliyezoea kushindana na injini, alimkabidhi Glovu mfuko kwa mikono miwili kama anakabidhi mtoto mchanga. "Hawa wametoka mbali, kijana. Wapeleke salama. Wakipita hawa, mnunuzi anachukua shehena yote, na watoto wangu wanarudi shule."

Glovu akautia mfuko kwenye kisanduku cha barafu, akapanda basi, akafika maabara, akakuta mlango umefungwa. Umeme wa mtaa ule ulikuwa umekatika tangu asubuhi na wataalamu walikuwa wamekwenda makwao. Mlinzi wa pale alikuwa akila embe.

"Jumatatu," mlinzi akasema.

"Lakini hawa wataharibika!"

"Basi wewe ndiye utakayeharibikiwa. Mimi nalinda mlango tu."

Akarudi kiwandani. Mwenye funguo za chumba cha baridi alikuwa ameondoka. Hapo mtu mwenye akili zake angempigia Meneja simu. Glovu alishika simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Aliogopa. Mwezi wa mkataba ndio ulikuwa unakaribia, na yeye apige simu kusema ameshindwa kufikisha mfuko? Hapana. Nyumbani kulikuwa na friza. Angewaweka chini kabisa, chini ya barafu za mkewe, na Jumatatu alfajiri angewatoa bila mtu kujua. Hesabu ilikuwa nzuri, isipokuwa kwamba nyumbani kulikuwa pia na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutibiwa. Daktari alimpima damu, akasema imejaa mafuta, akamwambia apunguze. Binti yake alilisikia neno "apunguze" akalitafsiri kwa ukali wa mtoto anayempenda mama yake: mafuta yote yakaondoka jikoni. Asubuhi uji mweupe. Mchana mboga za kuchemsha. Jioni mboga zile zile, zimechemshwa tena. Mama mkwe, mwanamke mnene mwenye kicheko na ulimi mwepesi, alikaa sebuleni siku baada ya siku akitazama sahani yake kama anatazama maiti ya jirani.

"Mwanangu," alikuwa akisema, "hata mfungwa huwekewa chumvi."

"Daktari amekataza, mama."

"Daktari amekataza mafuta. Ladha nayo kaikataza lini?"

Glovu hakuingilia mambo hayo. Mama mkwe ni mama mkwe. Alipokuwa sebuleni, Glovu alipita kwa nje. Alipoulizwa jambo alijibu akitazama zulia. Siku moja walipokutana mlangoni, kila mmoja alimpisha mwenzake kwa muda mrefu mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo Ijumaa ile alipofika na mfuko wake hakumwambia mtu ila mkewe, tena kwa kunong'ona, akaufukia chini ya barafu frizani, akalala.

Jumamosi mkewe alikuwa na oda ya juisi ya harusi. Wakaondoka wote wawili asubuhi na ndoo zao, na mama mkwe akaachiwa nyumba, redio, na sufuria ya mboga za kuchemsha.

Walirudi jua likizama. Hata kabla ya kufika barazani Glovu alisimama. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeanza kuwasha. Pua haidanganyi, na mdomo wa Glovu ulikuwa na pua yake yenyewe. Kitunguu saumu, ndimu, na kitu kingine ambacho alikijua kuliko alivyojua harufu ya shati lake.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Unasikia?"

Mkewe akanusa. Akaziachia ndoo zote mbili.

Mama mkwe alikuwa sebuleni, amekunja miguu, amependeza, macho yanang'aa. Mbele yake sahani tupu, safi kana kwamba imeoshwa. Alipomwona mkwewe, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwozeshe binti yake: akainuka, akaja kumshika mikono yote miwili, na glovu zake.

"Mkwe wangu! Mungu akuzidishie. Nilipofungua friza kutafuta barafu ya kutafuna, maana mboga zile zilinishinda, nikawaona wamelala chini, wakubwa hivi! Nikasema, huyu kijana kaniona. Hasemi kitu, anatazama zulia tu, kumbe ananiona ninavyoteseka. Tena yeye mwenyewe hawezi hata kuwagusa! Nikalia, nakwambia. Nilikaa pale sakafuni nikalia."

Glovu akaitazama sahani tupu.

"Nusu nimekula mchana, nusu jioni. Nimewapigia simu dada zangu wote. Nimewaambia, ninyi mna wakwe wenye magari, mimi nina mkwe mwenye roho."

Mkewe alisema, "Mama, wale..."

"Wale walikuwa wako, mama," Glovu akasema. "Karibu sana." Na akaenda nje akakaa juu ya ndoo.

Mkewe akamfuata. "Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba sikumletea? Amekwisha kuwapigia simu dada zake!"

"Na mkataba?"

Hapo Glovu akajishika kichwa. Wakakaa hivyo, mume juu ya ndoo moja na mke juu ya nyingine, na ndani ya nyumba mama mkwe akawa anaimba.

Jumapili asubuhi walikwenda sokoni na fedha ya sukari ya juisi. Kamba walikuwapo, tele, wamelazwa juu ya barafu wamenyooka kama wamepigwa pasi. Glovu alivaa glovu akawageuza mmoja mmoja. Ukubwa ule ule. Rangi karibu ile ile. Kwa kweli walikuwa wazuri kupita wale wa Nahodha, wote sawa sawa kama watoto wa shule kwenye paredi, na jambo hilo lingepaswa kumtia wasiwasi, lakini mtu aliyefikwa na maji shingoni haulizi maji ni ya wapi.

"Hawa wa baharini?" aliuliza hata hivyo.

Muuza samaki akatia mkono kifuani. "Kaka! Nikuuzie wa wapi tena? Wa mvua?"

Mama mkwe alikuwa ameukata mfuko kwa mkasi, juu kabisa, kwa adabu, maana hakuwa mtu wa kuharibu vitu. Kibandiko cha kampuni kilikuwa kizima. Wakawatia kamba wapya, na mkewe akapitisha pasi ya nguo juu ya kitambaa, plastiki ikashikana vizuri kuliko ilivyoshikanishwa na mashine ya kiwandani. Jumatatu Glovu akautia mfuko mikononi mwa Mtaalamu wa maabara, mwanamke mrefu mwenye miwani, akarudi kazini anapiga mluzi. Meneja alimpigapiga bega. Mkataba ulikuwa unachapwa, akasema.

Nyumbani mambo yalibadilika. Mama mkwe sasa alimwita "mwanangu". Alimtengea kiti chenye mto. Wageni walipokuja aliwasimulia, na kila aliposimulia kamba waliongezeka ukubwa. Glovu alikuwa akisikiliza kutoka chumbani na moyo unamuuma, maana ukweli ni kwamba alianza kuupenda ule uongo. Hakuna aliyewahi kumsifu hivyo. Kiti chenye mto kilikuwa kizuri.

Kisha majibu yakaja.

Meneja aliwaita ofisini Glovu na Nahodha pamoja. Mtaalamu wa maabara alikuwa amekuja mwenyewe, amekaa na miwani yake, hana haraka. Tai ya Meneja ilikuwa imelegezwa, ishara mbaya.

"Waeleze ulivyonieleza," Meneja akasema.

"Mafuta ya kamba yanaonyesha alichokuwa anakula," Mtaalamu akaanza. "Kamba wa baharini hula viumbe vya baharini. Kwa hiyo mwilini mwake tunaona asidi za mafuta za baharini, zile za omega-3. Hizo ndizo mnunuzi anazozitaka. Hawa niliowapima wanazo chache mno. Walichojaa ni mafuta ya soya na ya mahindi."

"Mahindi?" Nahodha akasema.

"Chakula cha bwawani. Hawa wamefugwa. Hawajawahi kuiona bahari, labda kwenye picha."

Nahodha alisimama, kiti kikaanguka. "Nimewavua mimi! Kwa nyavu zangu! Bahari nzima ilinitingisha, nimetapika mara mbili, mimi, Nahodha! Unaniambia nilikuwa bwawani?"

"Mimi sisemi ulikuwa wapi," Mtaalamu akasema kwa upole. "Nasema wao walikuwa wapi."

Meneja akapiga meza. Shehena yenyewe ilikwishapakiwa bila kungoja majibu, iko njiani kwenda kwa mnunuzi, na mnunuzi ameshapata habari na anasema kampuni inampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Maelezo yalikuwa mawili tu, kwa hesabu ya Meneja. Ama Nahodha aliwauza kamba wa kweli huko huko baharini akajaza meli kwa kamba wa bwawani, ama mfuko ulibadilishwa njiani. "Na njiani," Meneja akasema, akimwonyesha Glovu kwa kalamu, "alikuwapo huyu. Huyu hawezi kula kamba. Huyu ndiye mtu pekee ninayemwamini katika jengo hili. Kwa hiyo, Nahodha, kesho kutwa urudishe funguo za meli."

Nahodha hakupiga kelele tena. Alikiokota kiti chake, akakiweka vizuri mahali pake, akatoka. Mtu yule wa sauti kubwa, kutoka kimya namna ile! Glovu alimwona kupitia dirishani akivuka uwanja, na wanawake wa kumenya wakiacha kumenya ili wamtazame. Mezani kwa Meneja ulikuwapo mkataba, umechapwa, una jina kamili la Glovu ambalo hata yeye ilibidi alisome mara mbili.

"Utaweka sahihi kesho," Meneja akasema. "Leo sina mudi."

Jioni ile Glovu na mkewe walizungumza jikoni. Walidhani wananong'ona. Lakini jiko lilitengwa na sebule kwa pazia tu, na hasira haijui kunong'ona.

"Nikinyamaza, nina mkataba na Nahodha amemwaga unga," Glovu alisema. "Nikisema, unga ni wangu."

"Sema sampuli iliibiwa kwenye basi."

"Iibiwe, halafu mwizi arudishe nyingine nzuri zaidi?"

"Basi sema ukweli. Sema mama alikula."

"Nisimame mbele ya watu nimtaje mama mkwe wangu kuwa amekula mali ya kampuni? Mama aliyelia sakafuni kwa furaha? Afadhali niseme nimekula mimi."

Mkewe akamtazama mdomo. "Wewe," akasema. "Ukala kamba. Kilo nzima na zaidi."

"Nitasema nilikuwa na njaa."

Upande wa pili wa pazia redio ilikuwa imezimwa. Hawakuona. Chakula kilipotengwa mama mkwe alikula mboga zake za kuchemsha zote, hakuomba chumvi, hakutoa neno. Akaenda kulala mapema. Hilo nalo hawakuliona, na kama wangeliona wangeogopa.

Asubuhi Glovu alisimama mbele ya meza ya Meneja, glovu mkononi. Alikuwa ameomba Nahodha na Mtaalamu nao wawepo. Alipiga moyo konde.

"Bosi, Nahodha hana kosa. Maabara ilifungwa, nikaupeleka mfuko nyumbani. Kamba niliwala mimi. Kisha nikanunua wengine sokoni."

Kisha Nahodha akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hana la kupoteza. Meneja hakucheka.

"Uliwala wewe."

"Ndiyo, bosi."

"Wewe uliyevimba mdomo kwa kujikuna pua. Ulikula mfuko mzima, na Jumatatu ukaja hapa unapiga mluzi. Kwa mdomo upi?"

"Niliwachemsha sana, bosi."

"Karani!" Meneja akaita. "Niletee kamba mmoja!"

"Bosi, tafadhali..."

"Kumbe Nahodha amekulipa kiasi gani umtetee? Na mimi nakuamini! Na mkataba nimeuchapa kwa karatasi nzuri!" Aliuchukua mkataba, akaushika pembeni kwa vidole viwili vya kila mkono, na Glovu akaona wazi kwamba sasa wote wawili, yeye na Nahodha, wanakwenda pamoja.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mlinzi wa lango, amechanganyikiwa. "Bosi, kuna mama mmoja hapa. Nimemwambia hapaingiwi. Anasema yeye ndiye aliyekula."

Mama mkwe aliingia amevaa gauni lake la kwendea harusini, ana kikapu, anahema kwa sababu ya ngazi. Glovu akatazama chini kutafuta zulia. Hapakuwa na zulia. Ofisi ile ilikuwa na sakafu ya saruji.

"Hamjambo," akasema, akakaa bila kukaribishwa, maana magoti hayakumruhusu kungoja. "Kijana huyu ni muongo. Hajala kitu. Hata nikikaanga yai kwenye kikaango kilichopikiwa kamba, macho yanamtoka maji. Nimekula mimi. Mchana nusu, jioni nusu. Nilidhani nimeletewa."

"Mama," Glovu akasema.

"Nyamaza, baba. Nilisikia yote jana. Pazia si ukuta." Akamgeukia Meneja. "Mimi nilimpa sifa ambazo si zake, naye akaona haya kunirudishia. Kosa lake ni hilo tu. Mtu mzima kama mimi kufungua friza ya watu na kujiambia nimependwa! Aibu ni yangu, na nimekuja nayo mwenyewe."

Meneja alikuwa amebaki na mkataba hewani. "Bibi, maneno hayo mazuri. Lakini hata huyu alinipa maneno. Nitamwambia mnunuzi nini? Kwamba kuna mama fulani kasema alishiba?"

Hapo mama mkwe akafungua kikapu. Akatoa kopo la siagi, limeganda, limezungushiwa magazeti, akalitua juu ya meza juu ya kila kitu. Akafungua kifuniko. Macho madogo meusi, mengi, yakamtazama Meneja.

"Vichwa," akasema. "Mimi situpi kichwa cha kamba. Utamu wote uko humu. Niliviweka nyuma ya barafu, nilitaka nivipikie supu siku binti yangu hayupo."

Meneja alirudisha kiti nyuma. Lakini Mtaalamu wa maabara alikuwa ameinuka, ameshusha miwani, anatazama ndani ya kopo kwa macho ya mtu aliyepokea zawadi.

"Mama," akasema, "ni kweli, mafuta mengi ya kamba hukaa kichwani. Hivi vimekaa frizani muda wote?"

"Havijatoka hata siku moja. Vimelala na barafu za juisi."

"Nahodha, una kamba mwingine yeyote wa safari ile?"

"Wote wamekwenda," Nahodha akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. "Hivyo ndivyo vilivyobaki nchi kavu."

"Siwezi kuandika cheti kwa kopo la siagi," Mtaalamu akasema. "Lakini naweza kusema vichwa hivi vilikula bahari au vilikula mahindi. Na mnunuzi akisikia hivyo, atakubali kusubiri mpaka kamba wake wafike awapime mwenyewe."

Mtaalamu alipolibeba kopo, mama mkwe alimshika mkono. "Nikuulize, mwanangu. Hayo mafuta yao, mimi nayo yananidhuru? Maana nimechemshiwa majani mpaka nimeanza kufanana nayo."

"Mafuta yao kidogo tu, mama, na mengi ni yale mazuri. Lakini kamba ana kolesteroli pia. Muulize daktari wako. Mara moja moja, kwa kiasi, sidhani atakataa."

"Kwa kiasi," mama mkwe akarudia. "Mfuko mzima si kiasi?"

"Si kiasi, mama."

Vichwa vilikuwa vya baharini. Mtaalamu alipiga simu mwenyewe, na Nahodha alisikika mpaka barabarani. Mnunuzi alikubali kungoja, shehena ikafika, ikapimwa, ikapita. Nahodha alirudishiwa funguo zake na hakuombwa radhi. Mameneja hawana desturi hiyo.

Mkataba haukuchanwa. Uliwekwa kwenye droo. Meneja alimwambia Glovu kwamba mbeba sampuli sasa atakuwa mtu mwingine, mtu asiyekula kamba na asiye na mkwe, na yeye atakuwa kwenye koleo la barafu, kibarua kama zamani, "mpaka tuone". Glovu akasema asante. Ni jambo la kuchekesha na la kuumiza, mtu kusema asante kwa koleo, lakini alisema, na akaenda akachota barafu mpaka mabega yakawaka moto.

Lililomuuma zaidi lilikuwa nyumbani. Mama mkwe alikuwa ameuondoa mto kwenye kile kiti. Aliacha kuimba. Dada zake walipopiga simu alisema ana usingizi. Alikula majani yake mpaka sahani ikabaki nyeupe na kusema ahsante mwanangu, na binti yake, ambaye alikuwa amengoja utii huo kwa muda mrefu, aliingia chumbani akalia. Siku ya tatu mama mkwe alianza kufunga mizigo. Dawa zimekwisha, alisema. Nyumba za watu hazikaliwi.

Mkesha wa safari yake Glovu alichelewa kurudi. Mama mkwe na binti yake walikuwa sebuleni, sanduku mlangoni, aliposimama kizingitini. Glovu zake alizivaa lakini moja ilikuwa imetoboka, na mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba vibaya hata maneno yakawa yanatoka pembeni. Mkononi alikuwa na mfuko.

"Mungu wangu," mkewe akasema. "Umefanya nini?"

"Nimemenya," Glovu akasema. "Nahodha kaniuzia. Meza ya kumenya walikuwa wameshafunga."

Mama mkwe aliutazama mfuko, hakunyoosha mkono. "Hao ni wa nani?"

"Wako, mama."

"Maabara wanajua?"

"Wanajua. Na daktari nilimpitia. Amesema mara moja moja. Kwa kiasi."

"Na Meneja?"

"Amesema hataki kusikia neno kamba na neno mkwe katika sentensi moja."

Kwa mara ya kwanza Glovu hakuwa akitazama zulia. Alikuwa akimtazama mama mkwe wake machoni, kwa macho yaliyovimba nusu, na mdomo ule. Mama mkwe akatazama mdomo ule kwa muda mrefu. Hakuna mtu angeweza kumwambia ni uongo. Akainuka taratibu, akauchukua mfuko kwa mikono miwili, akaenda nao jikoni, na pazia likaanguka nyuma yake. Walisikia maji ya kunawa. Walisikia kisu. Halafu kwa muda hawakusikia kitu, na mkewe akataka kwenda, Glovu akamzuia.

Baadaye akasikika akiita, sauti imekauka kidogo lakini ni ile yake ya zamani.

"Baba! Umewamenya, lakini vichwa umeviacha?"

"Nimeviacha, mama. Vimo humo humo."

"Vizuri. Niletee kopo." Na kitunguu saumu kikaanza kuchachatika kwenye kikaango. "Tuviweke frizani. Huwezi kujua watu wa maabara watakuja lini."